Pipeti, jeli, chemba ya Dunn au mistari: uchague kipimo gani cha koni ya ukuaji kwenye mteremko wa kemikali?

Akzoni, uzi mrefu wa seli ya neva (neuroni), inapokua, kinachotangulia ni ncha yake, koni ya ukuaji, yenye upana wa takribani mikromita 10 (µm). Santiago Ramón y Cajal aliieleza mwaka 1890, na muda si mrefu akapendekeza kwamba inaongozwa na kemikali zinazotoka kwenye tishu inakoelekea. Tangu hapo zimebuniwa njia nyingi za kupima jambo hilo nje ya mwili, na anayeanza hudhani kwamba zote zinapima kitu kimoja, kwamba tofauti ni gharama na usumbufu tu. Sivyo. Njia moja huuliza kama koni inaweza kugeuka ikikutana na mteremko mkali, yaani tofauti kubwa ya ukolezi wa kemikali kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa saa moja. Nyingine huuliza kama nyuzi nyingi zitaelemea upande wa chanzo baada ya siku mbili. Nyingine haina mteremko kabisa; huuliza nyuzi zinapendelea kukanyaga nini. Protini ileile inaweza kupata "ndiyo" kwenye kipimo kimoja na "hapana" kwenye kingine, na majibu yote mawili yakawa sahihi.

Kwanza, hesabu ya ukali

Kabla ya kufikiria vifaa, jiulize: ukolezi unabadilika kwa asilimia ngapi kutoka upande mmoja wa koni hadi wa pili, yaani ndani ya µm 10? Namba hiyo ndiyo ukali wa mteremko, na ndiyo itakayokuongoza.

Hesabu yake si ngumu. Chanzo kidogo kinachotoa protini mfululizo kwenye kiowevu kilichotulia huufanya ukolezi upungue kwa uwiano wa 1/r, ambapo r ni umbali kutoka kwenye chanzo. Kwa hiyo ukali ni takribani 10/r: kwenye µm 100 ni asilimia 10, kwenye µm 500 ni asilimia 2, na kwenye milimita 1 ni asilimia 1. Muda nao hukadiriwa hivyohivyo. Protini ya kawaida husambaa majini kwa kama µm² 100 kwa sekunde, na muda wa kufika ni umbali mara umbali, ugawanywe kwa mara mbili ya kasi hiyo. Kwa µm 300 ni dakika saba au nane. Kwa milimita 1 inakaribia saa moja na nusu.

Ukali peke yake hautoshi. Koni husoma kwa vipokezi, protini za uso wake zinazonasa kielekezi (kemikali inayoiongoza), na vipokezi vikiwa karibu vyote vitupu, au vyote vimejaa, upande wa kulia na wa kushoto hautofautiani hata mteremko ukiwa mkali namna gani. Usomaji bora uko pale ukolezi unapokaribia kiwango kinachojaza nusu ya vipokezi, ambacho kwa vielekezi vingi kiko karibu na nanomola moja au chache. Ndiyo maana jibu la "haikugeuka" kwa ukolezi mmoja tu halina thamani. Pima angalau viwango vitatu, kila kimoja mara kumi ya kilichotangulia.

| Njia | Badiliko ndani ya µm 10 | Muda | Kinachosomwa |
|---|---|---|---|
| Pipeti | 5–10% | saa 1 | pembe ya kugeuka, koni mojamoja |
| Vipande viwili kwenye jeli | takribani 2.5–5%, kwa hesabu tu | saa 24–48 | nyuzi za upande wa chanzo dhidi ya upande wa mbali |
| Chemba ya Dunn | 1–5%, kutegemea koni iko wapi | saa 1–2 | pembe za akzoni nyingi kwa pamoja |
| Mteremko uliochapwa kwenye jeli | chini ya 1%, unauchagua mwenyewe | siku 1–2 | kuelemea kwa nyuzi za kipande kizima |
| Mistari | hakuna mteremko | saa 24–48 | uchaguzi wa njia |

Pipeti: kali, ya haraka, na ya koni moja kwa wakati

Gundersen na Barrett walionyesha mwaka 1979 kwamba nyuzi za neva za kifaranga hugeukia pipeti (mrija mwembamba wa kioo) inayotoa NGF, protini inayokuza neva. Utaratibu unaotumika sana leo ulitoka maabara ya Mu-ming Poo mwaka 1992, kwa neuroni za uti wa mgongo za chura Xenopus. Ncha ya pipeti huwa na tundu la µm 1 hivi. Huwekwa µm 100 kutoka kwenye koni, kwa pembe ya digrii 45 na mwelekeo ambao akzoni ilikuwa ikikua. Mapigo ya hewa ni mawili kwa sekunde, kila moja la milisekunde 20, kwa shinikizo la psi 3 (kama kilopaskali 20). Ukolezi unaoifikia koni ni takribani sehemu moja kwa elfu ya ule ulio ndani ya pipeti, kwa hiyo kati ya vielekezi vya protini, netrini-1 hujazwa kwa µg 5 kwa mililita na BDNF kwa µg 50.

Uzuri wa njia hii ni udhibiti. Koni ile unayoitazama ndiyo unayoipima. Ukitaka kuzuia kimeng'enya fulani unaongeza dawa kwenye sahani na kuona jibu likibadilika. Mengi tunayoyajua kuhusu mashine ya ndani ya koni yalipatikana hivyo. Mwaka 1997 ilionekana kwamba kupunguza nguvu ya cAMP, molekuli ndogo inayopeleka ishara ndani ya seli, hugeuza mvuto wa netrini-1 kuwa msukumo. Mwaka uliofuata, kwamba kuongeza cGMP, molekuli nyingine ya aina hiyo, hugeuza msukumo wa semaforini 3A, protini inayofukuza koni, kuwa mvuto. Kupima kalsiamu ndani ya koni wakati inapogeuka nako ni rahisi hapa kuliko kwingine kokote. Neuroni za Xenopus zina faida moja zaidi: hukua kwenye joto la kawaida la chumba, nyuzi 20 hadi 22, bila gesi ya kaboni dioksidi, kwa hiyo hadubini haihitaji kibanda cha joto.

Adha zake nazo ni nyingi. Koni moja kwa saa maana yake ni koni sita au saba kwa siku nzuri. Ncha huziba, hasa protini ikiwa imeshikamana kuwa vibonge. Zungusha mmumunyo kwenye mashinepewa (sentrifuji) kabla ya kujaza, na uchukue sehemu ya juu tu. Ncha pia huvuja hata mapigo yakizimwa, na tundu likiwa µm 2 badala ya 1 dozi hupanda sana bila wewe kujua. Dawa ni kuipima kila kundi la pipeti kwa dekstrani inayong'aa yenye uzito unaokaribiana na wa protini yako, upige picha, na uone kama mwanga unapungua jinsi hesabu inavyotaka. Mtikisiko wa meza, au taa inayopasha sahani upande mmoja, huzalisha mkondo wa maji unaobeba kemikali pembeni, na ukiangalia koni tu hutauona.

Uteuzi wa koni ndio mlango mkubwa wa upendeleo. Weka sheria kabla ya kuanza: koni iwe peke yake, iwe imekua moja kwa moja kwa dakika 10 hadi 15 za mwanzo, isiwe imechipua tawi. Mwishoni, koni iliyoongezeka chini ya µm 5 kwa saa huondolewa, kwa sababu pembe ya kitu ambacho hakikusogea haina maana. Pembe zipimwe na mtu asiyejua pipeti ilikuwa na nini, na pipeti ya kulinganishia iwe na kila kitu isipokuwa kielekezi chenyewe, pamoja na albumini ile ile uliyotumia kuizuia protini isigande kwenye kioo.

Jeli ya kolajeni: rahisi, na rahisi kukupotosha

Hapa hakuna pipeti wala pampu. Kipande cha tishu chenye neuroni huwekwa ndani ya jeli karibu na chanzo, ambacho huwa kipande kingine cha tishu au kibonge cha seli zilizobadilishwa zitoe protini unayoichunguza. Kwa njia hii, mwaka 1988, Marc Tessier-Lavigne na wenzake walionyesha kwamba bamba la sakafu, ukanda wa chini katikati ya mrija wa neva wa kiinitete, hutoa kitu kinachovuta akzoni za komisura, zile zinazovuka kwenda upande wa pili wa mwili. Netrini zenyewe zikatengwa mwaka 1994.

Kazi ya mikono ndiyo inayoamua. Kolajeni ya aina ya kwanza, kama mg 2 kwa mililita, huchanganywa juu ya barafu na kiowevu cha kukuzia kilichokolezwa mara kumi, sehemu moja kwa tisa, kisha hupunguzwa asidi kwa bikaboneti hadi rangi itoke njano na kuwa chungwa yenye wekundu kidogo. Ikibaki njano jeli haitashika. Ikiwa waridi mno seli zitaumia. Tandaza tone la µl 20 chini, liache lishike, panga kipande na kibonge juu yake kwa umbali wa µm 200 hadi 400, funika kwa tone jingine, kisha liweke kwenye nyuzijoto 37 kwa dakika 20 hadi 30 kabla ya kuongeza kiowevu. Usilisogeze hata kidogo wakati linashika: vipande huelea na umbali wako huwa umekwisha haribika. Kiowevu kikichelewa kuwekwa, kingo hukauka na nyuzi za upande huo hudumaa, jambo linaloonekana kabisa kama msukumo.

Matokeo husomwa kwa kugawa duara la kipande katika robo nne, kisha urefu wote wa nyuzi za robo inayotazama chanzo hugawanywa kwa ule wa robo ya mbali. Na hapa ndipo watu huteleza. Uwiano wa 3 hausemi kwamba nyuzi ziligeuka. Unasema tu kwamba kuna nyuzi nyingi au ndefu zaidi upande wa chanzo, na hilo hutokea pia ikiwa protini inakuza tu pale ilipo nyingi. Netrini-1 hufanya yote mawili kwa neuroni za komisura, kwa hiyo haitenganishwi kwa kipimo hiki. Ukitaka kugeuka kwenyewe, tumia kipande cha uti wa mgongo ambamo akzoni tayari zinashuka njia yake, uweke kibonge pembeni, utazame kama zinapinda ndani ya kipande. Mwaka 2003 mgeuko wa namna hiyo ndio uliotumika kuonyesha kwamba protini iitwayo Sonic hedgehog huzivuta akzoni za komisura ingawa haiongezi ukuaji wake. Kipimo cha robo nne kingeipita bila kuiona.

Kuna mtego mwingine ambao wachache huujali. Seli zisizo za neva huvuta nyuzinyuzi za kolajeni, na vipande viwili vikikaribiana nyuzinyuzi hujipanga kwa mstari kati yao. Akzoni hufuata mistari hiyo bila kunusa chochote. Kwa hiyo kibonge cha kulinganishia lazima kiwe seli zilezile, idadi ileile, umbali uleule, zisizotoa protini. Jeli tupu si ulinganisho.

Ukali halisi wa mteremko ndani ya jeli hutaujua. Seli hutoa protini kwa kasi inayobadilika, na netrini hunata kwenye heparani salfeti, sukari ndefu za tishu. Jeli ni ya kugundua kwamba kitu kipo, hasa pale usipokuwa na protini safi. Si ya kusema koni inahisi kiasi gani.

Chemba ya Dunn: ndiyo ya kuanzia, kwa walio wengi

Ni kipande cha kioo chenye kisima cha katikati na kingine kinachokizunguka, vikitengwa na daraja la duara lenye upana wa milimita 1. Kifuniko cha kioo chenye neuroni hugeuzwa juu chini na kuwekwa juu yake, na kati ya daraja na kifuniko hubaki nafasi ya µm 20. Kielekezi hutiwa kisima cha nje. Ilitengenezwa kwa ajili ya seli zinazotambaa, ikaelezwa mwaka 1991, na tangu mwaka 2009 hutumika kwa akzoni za komisura. Kwa protini ndogo mteremko hunyooka ndani ya kama dakika 30 na kudumu kwa saa nyingi.

Ukali wake unahesabika. Mteremko ukiwa mstari mnyoofu, katikati ya daraja ukolezi ni nusu ya ule wa nje na badiliko ni asilimia 2 kwa µm 10. Karibu na kisima cha nje hushuka hadi asilimia 1. Kwenye µm 200 kutoka kisima cha ndani hufika asilimia 5. Kwa hiyo andika mahali pa kila akzoni, usichanganye zote. Na kwa kuwa daraja ni duara, mwelekeo wa mteremko hubadilika ukizunguka: pembe ya kila akzoni hupimwa dhidi ya mstari unaotoka katikati ya chemba kupitia koni hiyo, wala si dhidi ya ukingo wa picha. Kosa hilo moja hufuta jibu zima, na huwa halionekani hadi mtu arudie kupima.

Utaratibu: jaza visima vyote kiowevu kilichopashwa nyuzi 37, weka kifuniko kikiwa kimesogezwa kidogo ili ufa ubaki kwenye kisima cha nje, ziba kingo nyingine kwa mchanganyiko wa nta, kausha kisima cha nje kupitia ufa, tia kielekezi, ziba. Kiowevu baridi hutoa mapovu kikipata joto, na povu moja darajani linatosha kuharibu upande huo. Tumia kifuniko kinene. Chembamba hupinda ukikibonyeza na nafasi ya µm 20 hubadilika. Kwa kuwa kila kitu kimezibwa, kiowevu kiwe na HEPES, la sivyo asidi haitatulia.

Faida kubwa ni wingi. Hadubini yenye meza inayojiendesha hufuatilia makumi ya akzoni kwa saa moja na nusu, kila moja ikiwa na pembe yake ya mwanzo. Chora pembe ya mwanzo dhidi ya kiasi cha kugeuka. Ikiwa ni mvuto wa kweli, akzoni zilizoanza zikitazama mbali na chanzo zitageuka, na zilizokuwa zikikitazama tayari zitaendelea tu. Ikiwa ni ukuaji tu, urefu utatofautiana lakini pembe hazitasogea.

Vifaa vya mifereji midogo ya silikoni hushindana na chemba hii, na mara nyingi havistahili usumbufu. Vyenye mkondo hutoa umbo lolote la mteremko unalolitaka, lakini mkondo huo husukuma koni pembeni na kuosha vitu ambavyo neuroni zenyewe hutoa. Visivyo na mkondo hufanya kazi karibu sawa na chemba ya Dunn. Silikoni nayo hufyonza kemikali ndogo zinazochukia maji, hivyo dozi ya dawa ya kuzuia kimeng'enya uliyoandika daftarini si ile neuroni iliyoiona.

Mteremko uliochapwa: pale swali ni uhodari wa koni

Mwaka 2004 kundi la Geoffrey Goodhill na Jeffrey Urbach lilichapa mistari ya matone ya NGF yenye ukolezi tofauti juu ya jeli nyembamba ya kolajeni, likaiacha isambae. Ukipanga matone kwa kuongezeka kwa uwiano uleule, asilimia ya badiliko huwa ileile kila mahali huku ukolezi ukitofautiana, jambo ambalo pipeti na chemba haziwezi kukupa. Vipande vya ganglia (mafundo ya neuroni) za mizizi ya uti wa mgongo za panya vilielemea upande wa juu hata badiliko lilipokuwa asilimia 0.1 hivi kwa µm 10, ambayo ni kama molekuli moja ya tofauti kwa upana wa koni.

Lakini kuelemea huko ni kudogo, na huhitaji vipande vingi sana ili kutenganishwa na bahati. Kundi hilohilo lilionyesha mwaka 2010 kwamba kwenye mteremko wa upole akzoni zilikuwa hazipindi sana. Zile zilizopanda zilikua haraka kuliko zilizoshuka. Mtu aliyezoea pipeti angetafuta pembe na kutangaza kwamba hakuna mwongozo.

Mistari: kama kielekezi chako hakielei

Efrini, kielekezi cha protini, hukaa kwenye utando wa seli, na kuiyeyusha kwenye pipeti ni kuiuliza swali lisilo lake. Kipimo cha mistari kilitoka maabara ya Friedrich Bonhoeffer mwaka 1987: akzoni za retina ya upande wa jicho ulio karibu na panja huwekewa mistari ya upana wa µm 90, mmoja wa kielekezi na mwingine wa kulinganishia, na laminini, protini ambayo akzoni hukua vizuri juu yake, juu ya yote. Protini zenye mkia wa Fc (kipande cha antibodi) lazima ziunganishwe kwanza kwa antibodi dhidi ya Fc, kwa sababu efrini mojamoja haiamshi kipokezi. Kisha badilisha zamu: mara hii kielekezi kitiwe kwanza, mara nyingine kitiwe pili, maana ukingo wa mstari wenyewe huongoza akzoni. Mistari ya Fc dhidi ya Fc ndiyo itakayokuambia ukingo huo una nguvu kiasi gani.

Netrini-1, iliyozoeleka kama kielekezi kinachoelea, nayo imeingia hapa. Mwaka 2017 tafiti mbili kwa panya zilionyesha kwamba akzoni za komisura huweza kufika bila netrini ya bamba la sakafu, zikitegemea ile inayotandazwa njiani. Mwaka 2019 nyingine zikaonyesha kwamba ya sakafu nayo inachangia. Kwa netrini, basi, chemba peke yake haitoshi. Ipime ikiwa imeyeyuka, kisha ipime ikiwa imenaswa chini.

Vinavyogeuza jibu kwenye kipimo chochote

Sakafu ya sahani huweza kugeuza jibu, mvuto ukawa msukumo. Koni za retina ya Xenopus zinazovutwa na netrini-1 husukumwa nayo zikikutana na laminini nyingi, kama ilivyoripotiwa mwaka 1999, kwa kuwa laminini hushusha cAMP. Kwa hiyo kulinganisha pipeti ya maabara moja kwenye laminini na chemba ya nyingine kwenye poli-lisini ni kulinganisha neuroni mbili tofauti. Umri wa kiinitete hufanya hivyohivyo.

Na hesabu ya sampuli: akzoni hamsini za kifuniko kimoja si sampuli hamsini. Zilishiriki kiinitete, kiowevu na mteremko mmoja, hata povu moja. Kipimo huru ni kifuniko au kiinitete. Panga angalau vitatu au vinne kwa kila hali kabla ya kununua protini.